Santuri ya pauni laki moja, na nakala bandia iliyoipandisha bei

Mwaka 2020 mtu mmoja alitoa pauni 100,000 kununua santuri ndogo ya inchi 7, ile iitwayo singo. Kwa viwango vya fedha vya wakati ule, hizo ni kama shilingi milioni 300 za Tanzania, bei ya nyumba nzuri yenye uzio na kisima. Katikati ya santuri hiyo kuna karatasi nyeupe iliyoandikwa jina la lebo, Soul, na namba S-35019. Upande mmoja una wimbo "Do I Love You (Indeed I Do)", wa pili una "Sweeter As the Days Go By". Mwimbaji ni Frank Wilson. Wimbo wenyewe ni wa dakika mbili na ushei, na mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuusikiliza sasa hivi bila kulipa pauni hata moja.

Wanaokisimulia kisa hiki husema ni ghali kwa sababu ni adimu: kwa miaka mingi nakala zilizojulikana duniani zilikuwa mbili tu. Wakishasema hivyo, wanafunga mazungumzo. Mimi maelezo hayo hayanitoshi. Kati ya miaka ya 1960 na 1970, miji kama Detroit, Chicago na Philadelphia ilijaa lebo za mfukoni zilizochapa nakala mia tano, zikauza hamsini, zikafa. Nyimbo nyingi za lebo hizo ni adimu kweli kweli, na bei yake leo haizidi sahani ya chipsi mayai. Uhaba bila mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya kile kitu ni vumbi tu ndani ya boksi. Kwa hiyo swali langu si kwa nini zimebaki chache. Ni nani aliyewafanya watu wakose usingizi? Nikifuatilia, naona njia yote inarudi kwenye kitu ambacho wakusanyaji wa santuri hudai wanakichukia kuliko vyote, yaani nakala bandia.

Tuanze mwaka 1965. Motown, kampuni ya Berry Gordy iliyoanzia Detroit mwaka 1959, ilikuwa na ofisi Los Angeles chini ya Hal Davis na Marc Gordon. Miongoni mwa waandishi wa nyimbo waliokuwa wakifanya kazi huko alikuwepo kijana mzaliwa wa Houston, Frank Wilson. Aliandika "Do I Love You", akauimba mwenyewe. Ukapangwa kutoka mwishoni mwa mwaka huo kwenye Soul, lebo tanzu ya Motown iliyokuwa inavuma kwa saksafoni ya Jr. Walker. Nakala za majaribio, zile za karatasi nyeupe zinazopelekwa redioni kabla ya mauzo, zikachapwa. Idadi inayotajwa siku zote ni 250.

Kisha mpango ukasitishwa. Inavyosimuliwa, Gordy alimuuliza Wilson kama anataka kuwa mwimbaji au mtunzi na mtayarishaji, kwa maana hawezi kushika yote mawili. Wilson akachagua kukaa nyuma ya kioo cha studio. Santuri zikateketezwa, isipokuwa chache zilizoponyoka.

Ukimpima Wilson kwa kazi alizofanya baadaye, alichagua vizuri. Alikuwemo kwenye kundi lililoandika "Love Child" ya Diana Ross na The Supremes mwaka 1968. Mwaka 1970 alitengeneza "Stoned Love" ya The Supremes, na mwaka 1973 "Keep On Truckin'" ya Eddie Kendricks ikafika namba moja Marekani. Nakikazia kipengele hiki kwa sababu wengi hukisimulia kisa hiki kama hadithi ya msanii aliyedhulumiwa. Hapana. Wimbo ulitupwa kwa uamuzi wa kawaida wa kazi, na aliyeutupa akapata riziki kubwa zaidi kwingine. Hakuna mtu Motown aliyekaa mezani akasema tuchape chache ili zije kuwa mali. Uhaba huu ulikuwa taka za ofisi.

Sasa tuvuke bahari. Kaskazini mwa Uingereza, kwenye miji ya migodi ya makaa na viwanda vya nguo, vijana wa tabaka la wafanyakazi walikuwa wameushika muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, wa katikati ya miaka ya 60 na kukataa kuuachia. Marekani yenyewe ilikuwa imeshahama: midundo ilipunguzwa kasi, funk ikaingia. Wao bado walitaka ule mwendo wa haraka, ngoma inayopiga moja kwa moja na matari juu yake. Dave Godin, mwandishi aliyekuwa na duka la santuri la Soul City jijini London, aliona kwamba wateja waliokuja kutoka kaskazini hawaulizi mambo mapya kabisa, wanauliza ya zamani yenye kasi. Akauita muziki huo "Northern Soul", na jina likachapishwa kwenye jarida la Blues & Soul mwaka 1970.

Hapo ndipo soko la ajabu lilipozaliwa. Muziki unaotakiwa umeshakoma kutengenezwa, kwa hiyo kitu kipya kwa wachezaji kinaweza kutoka sehemu moja tu: kwenye maghala ya Marekani, ndani ya maboksi ya nyimbo zilizofeli. Nyimbo zilizofaulu hazina thamani ukumbini, maana kila mtu anazo. Iliyofeli ndiyo mali. Wapiga santuri wakawa wanapanda ndege kwenda Marekani kupekua vyumba vya chini vya maduka, na wakirudi na kitu hawataki mwenzao ajue ni nini. Wakabandika karatasi juu ya lebo na kuuita wimbo kwa jina la uongo, la mwimbaji mwingine au la mtu asiyekuwepo kabisa. Desturi hii ya kuficha ni muhimu kwa kisa chetu, maana ilifungua mlango kwa mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapia na dhamiri nyepesi.

(Kidogo nitoke njiani. Miaka hiyohiyo muziki huu ulikuwa na mambo yake kwetu pia. Novemba 1969 soul ilipigwa marufuku Dar es Salaam, ikihesabiwa kuwa utamaduni wa kigeni unaoharibu vijana wa taifa linalojenga ujamaa. Kwa hiyo wakati Dar inawazuia vijana wasicheze nyimbo za Wamarekani weusi, watoto wa wachimba makaa wa Kiingereza walikuwa wanasafiri maili mia usiku kuzicheza. Sijawahi kukutana na mtu wa Dar aliyeficha santuri zake za soul mwaka ule, lakini wamo, na ningependa kuona maboksi yao.)

Ukumbi uliotia fora ulikuwa Wigan Casino, kwenye mji wa Wigan hukohuko kaskazini, uliofungua mikesha yake ya soul Septemba 1973. Jina lisikudanganye, kamari haikuwepo, na pombe haikuuzwa usiku huo. Watu waliingia baada ya saa sita za usiku na kutoka saa mbili asubuhi, wakiwa na mabegi yenye nguo za kubadilisha na poda ya kumwaga sakafuni ili viatu viteleze. Walikuja kucheza, basi. Umati wa namna hiyo, unaosikiliza kwa miguu, ndio mkali kuliko wakaguzi wote wa muziki.

Nakala moja ya Frank Wilson iliponyoka kwenye hifadhi ya Motown na kufika mikononi mwa Simon Soussan, mfanyabiashara wa santuri aliyekuwa Los Angeles, mashuhuri kwenye duru hizi kwa kuchapa nyimbo adimu bila kuuliza mwenyewe ni nani. Soussan akautoa wimbo huo kwa jina la Eddie Foster. Foster alikuwa mwimbaji wa kweli, mwenye wimbo wake uliopendwa na watu wa Northern Soul, "I Never Knew". Ndiyo maana uongo ulikaa vizuri: jina linajulikana, sauti inakaribia, nani atauliza? Russ Winstanley, mpiga santuri wa Wigan Casino, akaupiga pale kama wimbo wa Eddie Foster. Watu wakaupenda mno.

Simama hapa uangalie hesabu. Nakala halisi ziko mbili tatu, zimefungiwa. Nakala bandia ziko nje, zinanunuliwa na vijana wa kawaida, zinapelekwa nyumbani, zinapigwa kwenye harusi na kwenye kumbi ndogo za vijijini. Kila anayenunua bandia anaongezeka kwenye orodha ya watu wanaoupenda wimbo. Wakati huo hajui kwamba ameshika uongo. Siku atakapojua kuwa Eddie Foster hakuimba hapa, kwamba kuna mtu aitwaye Frank Wilson na kipande cha kweli kiko mahali fulani, yule mpenzi wa wimbo anageuka mtu mwenye kiu. Uongo ulimpa wimbo, ukweli ukampa hamu ya kitu.

Kisha mwaka 1979 Motown wenyewe, kupitia tawi la Uingereza, wakautoa rasmi kwa jina la mwenyewe, namba TMG 1170. Kwa akili ya kawaida ya sokoni, hapa bei ya nakala halisi ilipaswa kuanguka. Bidhaa iliyokuwa adimu sasa inapatikana dukani, tena halali, tena kwa bei ya singo ya kawaida. Ukileta meli nzima ya sukari, bei ya sukari inashuka.

Haikushuka, kwa sababu santuri ina bidhaa mbili ndani yake. Kuna sauti, na kuna kile kitu chenyewe. Toleo la 1979 lilijaza soko la sauti mpaka pomoni. Soko la kitu halikuguswa hata kidogo. Kinyume chake, lilipata tangazo la bure, maana sasa maelfu ya watu walikuwa na TMG 1170 kabatini na kila mmoja alijua kwamba ya kwake ni ya pili. Wachumi wanaweza kuwa na jina la jambo hili. Mimi naliita tu bei ya kujua.

Usiku wa mwisho wa Wigan Casino ulikuwa tarehe 6 Desemba 1981. Desturi ilikuwa kufunga mkesha kwa nyimbo tatu zilezile, na siku hiyo zilipokwisha watu walikataa kutoka. Wengine walikuwa wanalia. Winstanley akainua wimbo mmoja zaidi: "Do I Love You". Ndio uliokuwa wa mwisho kupigwa kwenye jengo lile, ambalo baadaye liliungua na kubomolewa. Mnada wowote unaofanyika leo juu ya santuri hii, usiku ule umo ndani ya bei. Huwezi kuutenganisha, kama usivyoweza kutenganisha chumvi na mchuzi.

Tuje kwenye pesa. Mwaka 2009 dalali wa santuri za soul, John Manship, aliinadi nakala moja, ikafika pauni 25,742. Magazeti ya Uingereza yakaiandika kama kichekesho, santuri yenye bei ya gari jipya. Miaka 11 baadaye ndipo ikaja ile 100,000. Ukichukua namba hizo mbili na kupiga hesabu ya ongezeko la mwaka kwa mwaka, unapata kama asilimia 13. Ni faida ambayo benki haikupi.

Lakini asikudanganye mtu na asilimia hizo. Mauzo mawili si soko. Ukiuza ng'ombe mmoja mwaka huu na mwingine baada ya miaka 11, huwezi kuchora mstari katikati na kuuita mwenendo wa bei ya ng'ombe. Kitu cha aina hii hakina bei mpaka siku watu wawili wenye pesa na kiburi watakapokutana kwenye dau moja. Wakikutana watatu, bei ni nyingine. Akibaki mmoja, muuzaji anarudi na santuri yake nyumbani na hakuna gazeti linaloandika. Na kumbuka tunasikia habari za santuri zilizopanda tu. Mamia ya singo za soul zilizonunuliwa kwa pesa nyingi miaka ya 90, kisha maboksi mazima yakagunduliwa ghalani na bei ikaporomoka, hazina msimulizi.

Kinachonishawishi zaidi ni umri. Aliyekuwa na miaka 18 akicheza Wigan mwaka 1978 alitimiza 49 mwaka 2009, na 60 mwaka 2020. Huyo ndiye mnunuzi. Wakati ule alikuwa fundi mwanafunzi mwenye nauli ya basi na begi. Kufikia 2009 mkopo wa nyumba unakaribia kwisha, watoto wamekua. Kufikia 2020 amestaafu au yuko mlangoni, ana kiinua mgongo, pengine ameuza nyumba ya marehemu wazazi wake. Bei ilipanda sambamba na mifuko ya kizazi kimoja. Hapo ndipo asilimia 13 zinapotoka, muziki haukubadilika.

Kuna mfano mwingine unaothibitisha kwamba watu hawanunui wimbo. "Open the Door to Your Heart" ya Darrell Banks ulikuwa wimbo mkubwa Marekani mwaka 1966. Nakala za Kimarekani za lebo ya Revilot ni za bei ya kawaida hadi leo. Uingereza ulizuka mgogoro wa haki kati ya kampuni mbili, na toleo lililochapwa na lebo iitwayo London likaondolewa kabla halijafika madukani, wimbo ukatoka kwenye lebo nyingine, Stateside. Miaka michache baada ya mnada wa Frank Wilson, nakala moja ya mauzo, siyo ya majaribio, ya lebo hiyo ya London ikaibuka, na kwa mkono wa Manship huyohuyo ikauzwa pauni 14,543. Sauti ni ileile na mwimbaji ni yuleyule. Tofauti ni karatasi ya katikati.

Je, nani anaizuia bandia isiingie mahali pa halisi? Kwanza ni aibu. Kwenye mikesha inayojiheshimu kuna sharti kwamba mpiga santuri apige nakala halisi tu, za uchapaji wa kwanza. Ukipanda jukwaani na nakala ya kuchapwa upya, watu wanasogea karibu kutazama lebo inavyozunguka, na habari zinakwenda mji mzima. Sharti hili linageuza santuri kuwa kitambulisho cha kazi. Bila hiyo huruhusiwi kuupiga wimbo ambao kila mtu anao nyumbani. Wapo wanaoliona kuwa majivuno ya wenye pesa, na hawajakosea sana: liliwekwa kupambana na wezi kama Soussan, sasa linalinda bei za matajiri.

Pili ni macho. Nakala halisi ina namba iliyochongwa kwenye sehemu laini kati ya mwisho wa mifereji na karatasi ya lebo. Kiwanda huacha alama yake hapo pia. Nyingine zilichapwa kwa plastiki ngumu iitwayo stairini, siyo vinaili, na mwenye uzoefu huzitofautisha kwa mlio wa ukucha kwenye ukingo. Stairini huliwa haraka na sindano, kwa hiyo singo iliyopigwa sana inaweza kung'aa kwa macho lakini ikakwaruza masikioni. Ukinunua kwa picha tu, bila muuzaji kukupigia angalau nusu dakika, umenunua karatasi ya lebo. Na yale madaraja ya hali ya santuri, kuanzia mpya kabisa hadi iliyochoka, kila muuzaji huyavuta upande wake. Ninapoona imeandikwa "nzuri sana", nasoma "imepigwa".

Hapa ndipo ninapotaka kuyatazama matoleo machache ya makusudi, yanayouzwa siku hizi. Tangu 2008 kuna siku maalumu ya maduka ya santuri kila mwaka, na lebo nyingi hutoa nakala mia tatu au elfu moja zenye rangi ya chungwa, au zenye namba iliyopigwa kwa mkono nyuma ya bahasha. Walanguzi wanapanga foleni alfajiri. Jioni ya siku hiyo bei mtandaoni ni mara tatu. Miezi sita baadaye, kwa nyingi kati ya hizo, imerudi ilipokuwa au chini. Niliwahi kuingia mtego huo: singo ya soul, nakala 300, niliinunua kwa mlanguzi kwa karibu mara nne ya bei ya dukani. Ni rekodi nzuri, sikatai. Nilipotaka kuiuza baada ya miaka miwili, aliyejitokeza alitaka kunipa chini ya bei ya duka, akaniuliza pia kama gharama ya posta ni juu yangu.

Shida ya toleo langu haikuwa idadi. Mia tatu ni kiasi kilekile, au karibu yake, cha nakala za Frank Wilson kabla ya kuteketezwa. Shida ni kwamba kila anayeitaka alishaipata. Hakuna maelfu waliocheza wimbo ule bila kuwa nao. Uhaba ulitangulia, upendo haukuja.

Linganisha na singo zinazotolewa na mkesha wa 6Ts kwenye ukumbi wa 100 Club, London, ulioko tangu mwanzoni mwa miaka ya 80. Kila maadhimisho ya mwaka, aliyeingia mlangoni alipewa singo moja ya soul, mara nyingi wimbo ambao haukuwahi kutoka. Bure. Baadhi ya hizo leo zinatafutwa kwa bei ya kutisha, kuliko nyingi zilizoandikwa "toleo maalumu" kwa wino wa dhahabu. Ni toleo la idadi ndogo, ndiyo, lakini idadi hiyo ni ya watu waliokuwa ukumbini usiku ule, na siku ya pili wenzao waliobaki nyumbani walishasikia habari zake.

Mambo haya yameanza kutokea na singo zetu. Wazungu wenye lebo za kukusanya muziki wa zamani wamekuwa wakizitoa upya singo za Nairobi za miaka ya 70 na 80. Soundway, mojawapo ya lebo hizo, walitoa mkusanyiko wao wa "Kenya Special" mwaka 2013. Msikilizaji wa Berlin au Tokyo anaipenda, kisha anataka ile ya kwanza, yenye lebo ya River Road, mtaa wa Nairobi, na jina la mwenye duka limeandikwa kwa kalamu. Kama una boksi la mzee nyumbani, usiliuze kwa uzito wala kwa boksi zima. Tafuta kwanza nyimbo zilizorudiwa kwenye mikusanyiko ya nje, maana hizo ndizo zenye wenye kiu. Ambazo hakuna mtu aliyezitoa upya, hata zikiwa adimu vipi, kwa sasa hazina soko, ingawa huenda ndizo tamu zaidi.

Frank Wilson je? Aliondoka Motown, akawa mchungaji. Alifariki Septemba 2012, kati ya mauzo yale mawili. Katika pauni 25,742, stahili yake ilikuwa sifuri, na familia yake haikuwa na haki juu ya 100,000. Uingereza ina sheria tangu 2006 inayompa mchoraji asilimia ndogo kila mchoro wake unapouzwa tena kupitia dalali. Santuri haimo. Mirabaha ya mtunzi hutoka kwenye nakala mpya, redio na intaneti, kwa hiyo lile toleo la 1979 lililochukuliwa kama la daraja la pili lina uhusiano mkubwa zaidi na mfuko wa mtunzi kuliko nakala ya laki moja.

Ningekuwa mshauri wa aliyeinunua mwaka 2020, kitu cha kwanza ningemwambia kiangaliwe ni kalenda, siyo mifereji. Mcheza dansi mdogo kabisa wa usiku ule wa Desemba 1981, tuseme alikuwa na miaka 16, anatimiza 70 mwaka 2035. Vijana wapo wanaoupenda Northern Soul, wanajaza mikesha Manchester na hata Japani, na wanacheza vizuri. Lakini waliupata wimbo huu ukiwa tayari una jina sahihi, wakausikia kwanza kwenye simu. Hawakuwahi kudanganywa na Eddie Foster. Sijui kama watu wasiowahi kudanganywa watakubali kulipa laki moja kwa ajili ya ukweli, na asubuhi ya mnada unaofuata nitakuwa macho kuangalia dau linaanzia wapi.